Kipindi cha Michezo Kinapovurugika: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mwalimu wa michezo wa hapa Tanga mara nyingi anatoka uwanjani na darasa la watoto sabini, mipira miwili (mmoja umefumuka mshono), uwanja wenye vichwa vya mawe ya matumbawe upande wa goli moja, na kipindi cha dakika 40 ambacho robo yake imeishia kwenye kubadili nguo. Halafu mambo yanaharibika: wanarundikana, wanagombana, mmoja anashika kifundo cha mguu, mwingine amejificha chini ya mwembe.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, maana ndicho kinachoonekana kwanza. Kutafuta chanzo, fuata mpangilio mmoja: angalia uwanja na vifaa, halafu namna zoezi lilivyopangwa, halafu maelezo uliyoyatoa, na mwisho kabisa mtoto mwenyewe. Wengi wetu tunaanzia huko mwisho. Mtoto anaitwa mzito, mbishi, hasikii. Kumbe mpira umejazwa upepo hadi umekuwa jiwe, au zoezi limewapanga watoto ishirini kwenye foleni moja wakisubiri kupiga shuti moja.

Wote wanaukimbilia mpira

Unaona kundi la vumbi linalohama kutoka goli hadi goli, na kipa wa upande wa pili amekaa chini anachora mchangani. Unapiga kelele "Tawanyikeni!" Wanatawanyika muda wa kuvuta pumzi, kisha wanarudi palepale.

Chanzo kikubwa ni hesabu. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja ni mpira mmoja kwa watoto ishirini na wawili. Wa darasa la nne akikaa kwenye namba yake kama ulivyomwambia, anaweza kumaliza kipindi bila kuugusa. Kwa hiyo kuukimbilia ni akili yake inafanya kazi, si utovu wa nidhamu. Punguza watu: wanne kwa wanne, uwanja wa hatua 25 kwa 15, magoli ya chandimu (mpira wa mitaani) ya upana wa hatua mbili, bila kipa. Viwanja vinne vya namna hiyo vinachezesha watoto 32 kwa pamoja, na vinaingia ndani ya uwanja mmoja wa shule. Mipira ikipungua, ya makaratasi iliyofungwa kwa nailoni na kamba inatosha. Haidundi sana, na kwa anayejifunza kutuliza hiyo ni nafuu. Magoli yawe ya kandambili au mifuko ya mchanga, yasiwe ya mawe.

Wanaobaki nje wasikae bure. Wawili wanachezesha, wawili wanashika mistari, mmoja anahesabu magoli, wengine wanapiga danadana. Badilisha kila baada ya dakika tano au sita. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mtoto anayesumbua kuliko wote ndiye refa mkali kuliko wote.

Chanzo cha pili ni kwamba ardhi haiwaonyeshi wapi pa kukaa. "Kaa pembeni" haina maana kwa mtoto ambaye haoni pembeni inaanzia wapi. Gawa uwanja njia tatu kwa urefu wake. Tandika kamba ya katani, ambayo mkoani kwetu si ya kutafuta mbali, mwaga majivu juu yake kufuata mstari, kisha iondoe kamba ili isiwakwaze. Sharti liwe moja: muda wote timu iwe na angalau mtu mmoja kwenye kila njia. Pasi zitaanza kwenda pembeni zenyewe, kwa sababu kuna mtu yuko peke yake kule anapunga mkono.

Darasa la kwanza na la pili waache warundikane. Umri wao bado.

Mpira wa pete: firimbi inalia kila hatua

Hii ndiyo dalili inayoua mchezo kuliko zote, na ndiyo inayotibika vizuri ukiitafutia chanzo. Msichana anadaka, anasogea, firimbi. Anadaka mwingine, firimbi. Baada ya muda hakuna anayetaka kupokea.

"Mwalimu, sijatembea!"

"Mguu gani ulitangulia kugusa chini, mwanangu?"

"Sijui, mwalimu."

Jibu hilo ndilo kiini. Kanuni ya nyayo katika mpira wa pete inategemea mguu uliotua kwanza ukiwa na mpira. Ukitua kwa mguu mmoja, ule ndio nanga: mguu wa pili unaweza kukanyaga popote, hata mara nyingi, huku ukizunguka. Nanga unaweza kuinuliwa, lakini usirudi chini kabla mpira haujatoka mikononi. Ukitua kwa miguu yote kwa pamoja, una hiari ya kuchagua nanga. Mtoto asiyejua mguu uliotua hawezi kuifuata kanuni hiyo hata akiikariri neno kwa neno.

Anza bila mpira. Wakimbie nusu mwendo; ukipiga makofi watue na kuganda, kila mmoja apige kofi paja la mguu uliotangulia. Usiendelee mpaka wote wawe wanapiga paja sahihi bila kutazama chini. Kisha chora duara dogo kuzunguka mguu huo kwa kijiti, wazunguke kwa mguu wa pili bila kutoka kwenye duara. Mpira uingie mwishoni, kwanza ukiwa umeshikwa mkononi na mwenzake badala ya kurushwa.

Ukishafika hapo na bado wanatembea, acha kuangalia mpira, angalia yafuatayo. Je, pasi inafika mbele yake mno, ikamlazimu kuikimbilia na kushindwa kusimama? Basi kosa ni la aliyetoa pasi. Je, anapokea akiwa amenyoosha magoti? Hana breki, mfundishe kutua goti limekunjwa. Je, anateleza? Uwanja wenye kokoto juu ya udongo mgumu unafanya mguu wa nanga ujiburute wenyewe, na hakuna zoezi litakaloshinda kokoto, chukueni fagio. Je, amevaa kandambili? Peku ni afadhali, ila uwanja uwe umekaguliwa kwanza.

Baada ya nyayo, ugomvi unaofuata ni wa umbali. Anayezuia anatakiwa awe mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira, kipimo kikichukuliwa toka mguu uliotua wa mwenye mpira hadi mguu wa karibu wa anayezuia. Watoto hawana mita vichwani. Kata vipande vya kamba vya sentimita 90, kila jozi ipewe kimoja, wapimane wenyewe. Nimeona wanaotumia fimbo kupimia. Mimi naona kamba bora, kwa sababu fimbo mkononi mwa mwalimu inawakumbusha mambo mengine na mtoto anaanza kurudi nyuma mita tatu.

Sekunde tatu za kukaa na mpira zihesabiwe kwa sauti na wale walio nje. Wakihesabu harakaharaka kuwakomesha wenzao, na watafanya hivyo, wape zamu ya kuingia. Wakirudi nje watahesabu kwa haki.

Kosa la kugusana au la kuzuia kwa karibu lina adhabu ambayo walimu wengi hawaikamilishi: aliyekosa anasimama pembeni ya anayetoa pasi na haruhusiwi kushiriki mpaka mpira utoke. Ukiitekeleza kila mara, vurugu zinapungua zenyewe, maana timu yake inabaki na watu sita kwa muda huo na wenzake ndio wanaomkemea.

Kuhusu herufi za kifuani, zinazoonyesha nafasi ya kila mchezaji: usiwafundishe zote saba siku moja. Gawa uwanja sehemu tatu (kamili ni mita 30.5 kwa 15.25, lakini wako ukiwa mfupi cha muhimu ni theluthi zake zilingane), anza na C (wa katikati), GS (mfungaji) na GK (mlinda goli), kila mmoja atembee mipaka yake kwa miguu kabla ya kucheza. Wanaofunga ni wawili tu, GS na GA (mshambuliaji msaidizi wake), tena wakiwa ndani ya nusu duara. Anayejua anakoruhusiwa kufika hawezi kurundikana, na ndiyo maana darasa lililoshindwa kutawanyika kwenye kandanda naanza nalo kwenye pete.

Kama mpira haufiki kwenye pete, kagua urefu. Pete ya watu wazima iko mita 3.05. Mtoto wa darasa la tatu anayerusha kwa nguvu za mgongo wote anajifunza kurusha vibaya. Ishushe.

Kila dakika wanabishania kuotea

Mji wenye klabu za Coastal Union na African Sports, ambako watoto wanasikia ubishi wa uwanja wa Mkwakwani tangu wakiwa mabegani mwa baba zao, kila mtoto anaamini anaijua sheria ya kuotea. Wapo watakaokwambia Coastal walichukuaje ubingwa wa nchi mwaka 1988 kama vile walikuwapo. Muulize mmoja akueleze kuotea, utapata maelezo matatu yanayopingana.

Chanzo cha kwanza: wanahukumu kwa wakati usio wake. Wanatazama mtu alipo anapopokea, badala ya alipokuwa wakati mwenzake anaupiga mpira. Tiba yake ni firimbi ya kugandisha. Piga firimbi mguu unapogusa mpira wa pasi, wote wagande, mshika mstari aje aseme anachoona. Rudia mara kadhaa na watu tofauti. Akiwa mbele ya mpira, na mbele ya mchezaji wa pili kutoka mwisho wa wapinzani, tena ndani ya nusu yao, ndipo yuko mahali pa kuotea. Mikono haihesabiwi. Na kukaa mahali hapo peke yake si kosa mpaka ajihusishe na mchezo.

Chanzo cha pili: hawajaambiwa ambapo sheria hiyo haipo. Mpira wa kurusha, wa goli na wa kona, ukipokelewa moja kwa moja, hauna kuotea. Wala mtu aliyekuwa nusu yake mwenyewe haotei. Mambo haya manne yakijulikana, sehemu kubwa ya ubishi wa darasani inaisha.

Chanzo cha tatu ni wewe kuileta mapema. Kwenye chandimu hakuna kuotea, na ndivyo walivyokulia mitaani Ngamiani na Makorora. Chini ya darasa la tano siifundishi kabisa. Nafasi hiyo naitumia kuwafundisha kutuliza mpira, kitu ambacho wengi wanadhani wanakijua mpaka waombwe kutumia mguu wa kushoto.

Kurusha mpira kunakosewa kila mara

Hii ni fupi. Mtoto ananyanyua mguu wa nyuma kwa sababu anataka umbali. Mwambie auburute, ncha ya kidole ibaki chini. Anayerusha kwa mkono mmoja huku mwingine unasindikiza tu, mpe mpira mzito kidogo au uliolowa: utamlazimisha atumie yote miwili. Mpira utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake, sehemu ya kila mguu ikiwa juu ya mstari au nje yake. Basi.

Mpira wa wavu: wanaukwepa badala ya kuupiga

Mtoto ananyoosha mikono, anafumba macho, anageuza uso. Anaambiwa mwoga. Kabla ya kumwambia hivyo, shika mpira mnaotumia. Shule nyingi zinachezea wavu kwa mpira wa miguu. Mpira wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280. Wa miguu wa namba 5 una 410 hadi 450. Ukiupokea kwa mikono mitupu mara kumi, ngozi inakuwa nyekundu na mwili unajifunza kukwepa. Tumia mpira mwepesi wa plastiki wa watoto au puto la kupuliza kwa wiki za mwanzo. Woga utakuwa umeondoka bila mtu kuutaja.

Halafu pima wavu. Mita 2.43 ni ya wanaume wakubwa, 2.24 ya wanawake wakubwa. Kwa shule ya msingi funga kamba mahali ambapo mtoto wa kimo cha kati akinyoosha mkono anaigusa.

Mpira wa kuanzisha usipovuka, mruhusu asogee mbele hadi katikati ya uwanja na apige kwa chini. Akiuvusha mara tatu mfululizo, arudi hatua moja. Kisha angalia upepo: jioni, upepo wa baharini ukiwa umeshika, upande mmoja unapiga unapotaka na mwingine mpira unarudi. Badilishaneni upande mara kwa mara. Uwanja mpya ukichorwa, urefu wake uende kaskazini na kusini, vinginevyo timu moja itacheza kipindi chote cha jioni ikitazama jua usoni.

Wako pembeni, hawataki kuingia

Ukiwauliza watasema wanaumwa tumbo. Wengine kweli. Wengine wako kwenye hedhi na hakuna pa kubadilishia. Wengine sketi ya shule hairuhusu kukimbia. Wengine hijabu imefungwa kwa pini na wanajua ikivutwa itawachoma au itatoka mbele ya watu. Mazungumzo haya yaanzishwe na mwalimu wa kike au matroni, si mbele ya darasa. Bukta ndefu au suruali ya traki chini ya sketi inatatua mengi. Hijabu ya kuvaa kichwani yenye mpira, bila pini, ni salama zaidi kwa mwenyewe na kwa anayegongana naye. Mzazi anayehofia kwamba mpira na stara havikai pamoja unaweza kumweleza kwamba tangu mwaka 2014 sheria za kandanda la kimataifa zinaruhusu wachezaji kufunika vichwa.

Chanzo kingine kinatokana na sisi. Manahodha wawili wanapochagua timu mmojammoja mbele ya wote, yupo atakayebaki wa mwisho, na wiki ijayo huyo ataumwa tumbo. Gawa kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Na ukiona mipira yote iko kwa wavulana huku wasichana wameachiwa kamba ya kuruka, hapo si kwamba wasichana hawapendi michezo, hawajapewa. Pete nayo wavulana wacheze. Miguu ya beki anayejua kutua na kuganda haipotei bure.

Pasi haziendi, ufundi haukui

Wamesimama mistari miwili wakitazamana, wanapasiana, kila kitu kinapendeza. Ukiwaingiza kwenye mchezo, pasi zote zinapotea. Chanzo: kwenye zoezi hakukuwa na mpinzani, kwa hiyo hakukuwa na cha kuamua. Weka watatu pembeni na mmoja katikati anayenyang'anya. Wakizoea, wawe wanne kwa wawili. Afadhali makosa mengi hapa kuliko usafi wa mistari miwili.

Kwa kurusha na kukwepa, msidharau rede. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa. Humo mna kulenga mtu anayekimbia, kudaka na kuachia haraka, na kutazama nyuma na mbele. Mpira uwe laini, na atakayelenga kichwa atoke.

Kagua upepo wa mpira pia. Bonyeza kwa gumba: ukiingia kidogo, sawa, usipoingia kabisa, mpira utadunda mguuni mwa kila mtu na utadhani darasa zima halijui kutuliza. Wenye umri wa miaka 8 hadi 12 wanafaa namba 4, si namba 5.

Wanaumia mara kwa mara

Ajali zikijirudia mahali palepale, mahali ndipo chanzo. Kila kabla ya kipindi zunguka na watoto wanne, mkiokota: chupa zilizovunjika, vifuu, misumari, mawe yaliyochomoza. Mawe ya matumbawe yasiyong'oka yafunikwe kwa mchanga au mpaka wa uwanja usogezwe. Usiwakalishe wanaosubiri chini ya mnazi; nazi haitoi taarifa. Magoli ya kubebeka yafungwe au yachimbiwe chini, na asiwepo wa kuning'inia kwenye mwamba wa juu. Goli likianguka na mtoto linaua. Chokaa ya kuchorea iwe iliyokwisha zimwa; ile hai inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Kama huna hakika ni ipi, tumia majivu. Hereni, bangili, cheni na saa zivuliwe. Kucha zikatwe, hasa kwa mpira wa pete.

Wakiumia mwanzoni mwa kipindi, hawajapasha. Mchakamchaka wa dakika tano na wimbo wake unatosha kuanzia, ukifuatiwa na kuruka, kutua na kugeuka. Wakiumia mwishoni, wamechoka, fupisha.

Kifundo kikiteguka, huku kwetu mkono wa kwanza unakwenda kwenye maji ya moto na mafuta ya kuchua. Siku mbili za mwanzo acheni vyote viwili, vinaongeza uvimbe. Nunua barafu ya kwenye kinailoni inayouzwa nje ya geti, izungushie kitambaa, iweke dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mno, mguu uinuliwe. Akishindwa kutembea hatua nne, au akiumia unapobonyeza mfupa wenyewe, aende kupigwa picha.

Anayetokwa na damu puani hafai kuelekezwa kutazama juu. Damu inashuka kooni. Ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuchungulia.

Aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia anataka kurudi, hata kama ni fainali. Muulize wanacheza na nani na matokeo ni ngapi. Akirudia swali lilelile, akiyumba, akisema kichwa kinauma au mwanga unamsumbua, mzazi ajulishwe na asiachwe peke yake. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia asiamshike vizuri, akipata degedege au akizimia, ni hospitali mara moja. Akilalamika shingo, asinyanyuliwe na wenzake kwa kumbeba mikono na miguu, kama inavyofanyika kila siku.

Anaishiwa nguvu, anaona kizunguzungu

Kuanzia Desemba mpaka Machi, Tanga mtu anatoka jasho na halikauki. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Kipindi cha kukimbia kiwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo fundisha sheria kivulini. Wanywe maji kabla ya kiu, na kila baada ya dakika kumi na tano.

Mtoto akiwa na jasho jingi, kichefuchefu, kichwa kizito, lakini anajibu vizuri: kivulini, alazwe, nguo zilegezwe, apewe maji kidogokidogo. Akianza kuongea yasiyoeleweka, mwili unawaka, au anaanguka, hiyo ni hatari ya maisha. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku usafiri ukitafutwa. Kumpoza kunaanza pale pale, hakungoji bodaboda. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Mwenye selimundu anahitaji kukujulisha mwanzo wa muhula, na wewe unahitaji kuuliza. Acheze kwa kiasi chake, apumzike anapotaka, anywe maji zaidi ya wenzake, asilazimishwe mbio za adhabu. Kwa kweli mbio za adhabu zisiwepo kwa yeyote. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta uwanjani, isiwe ofisini kwenye kabati lililofungwa.

Mwezi wa Ramadhani darasa kubwa limefunga. Huu ni wakati mzuri wa yale ambayo miezi mingine hayapati nafasi: ishara za refa, kuchora nafasi ubaoni, kushika mistari, kutua na kuzunguka mguu wa nanga bila kukimbia. Wasiofunga wasichezeshwe mbele ya wenzao huku wakinywa maji kwa mbwembwe.

Mvua za masika zikija na radi, kusanya wote ndani, si chini ya mti. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wanajua sheria ubaoni, uwanjani hawazijui

Wamenakili daftarini vipimo vyote, na mtihani wamefaulu. Uwanjani mmoja anashika mpira kwa mikono na kushangaa. Sheria iliyofundishwa kabla ya kuhitajika haishiki. Anza mchezo na sheria mbili tu. Tatizo likizuka, simamisha, waulize wangeamuaje, ndipo ulete sheria iliyopo. Baada ya hapo mpe firimbi mmojawao, achezeshe dakika tano, na kosa lake lisirekebishwe hadharani mpaka zamu yake iishe. Firimbi zisipite mdomo kwa mdomo. Asiye na yake apige makofi au ainue kipande cha kanga.

Kumi na wawili wanajua, waliobaki wanatazama

Hii inakuja kila mwaka UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) au UMISSETA (ya sekondari) ikikaribia. Mwalimu mkuu anataka timu, kipindi kinageuka mazoezi ya timu, na watoto hamsini wanakuwa mashabiki. Mazoezi ya timu yawekwe jioni, baada ya masomo. Kwenye kipindi, wachezaji wa timu wagawanywe: kila mmoja apewe kikundi cha watano, awafundishe kutua, kutuliza au kurusha, na mwisho wa wiki vikundi vishindane, yeye mwenyewe akiwa haruhusiwi kufunga.